Miezi sita ya lishe kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito: jinsi ya kutimiza masharti ya bima Marekani

Daktari bingwa amekubali, wewe umekubali, na nyumbani wameshaacha kubisha. Halafu mratibu wa kliniki anakwambia kwamba bima yako inataka kwanza miezi sita ya lishe chini ya usimamizi wa daktari. Wengi wakisikia hivyo hudhani wameambiwa wapungue tu. Wanarudi nyumbani, wanapunguza ugali, wanaanza kutembea jioni, kilo tano zinaondoka. Baada ya miezi sita wanarudi kliniki na furaha yao, na maombi yanakataliwa, kwa sababu katika miezi yote hiyo hakuna daktari aliyeandika chochote.

Mimi ni mkalimani wa hospitali hapa Marekani, na mazungumzo ya aina hii nimeyatafsiri mara nyingi kuliko ninavyopenda. Jambo la kushika tangu mwanzo ni hili: anayeamua katika kampuni ya bima hatakuona wala hatakupima. Anasoma faili. Kisichokuwemo kwenye faili, kwake hakikufanyika. Kwa hiyo miezi hii ina kazi mbili zinazokwenda pamoja, kubadili ulaji wako na kujenga faili, na ya pili ndiyo inayowaangusha watu.

Sharti lenyewe lina ubishi. Vigezo vya zamani, vilivyotolewa na taasisi ya taifa ya afya ya Marekani mwaka 1991, viliruhusu upasuaji kwa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu) ya 40 na zaidi, au 35 akiwa na ugonjwa unaotokana na uzito kama kisukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vilishusha kiwango hadi 35 hata bila ugonjwa mwingine. ASMBS pia imekwisha kusema wazi kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi unaoonyesha kuwa kumlazimisha mgonjwa apungue kwanza kwa agizo la bima kunamsaidia. Kunamchelewesha tu, na wengine wanakata tamaa njiani. Nakubaliana nao. Lakini ubishi huo hautakufungulia mlango wa chumba cha upasuaji. Baadhi ya kampuni zimelifuta sharti hili, nyingine zimelipunguza hadi miezi mitatu, nyingine zinashikilia sita au zaidi. Kazi yako ni kujua yako inasemaje.

Kwanza, jua kama upasuaji umo kwenye bima yako

Usianze kuhesabu miezi kabla ya hili. Bima nyingi zinazotolewa na waajiri zimeuondoa kabisa upasuaji wa kupunguza uzito, na ukiwa umeondolewa, hata faili zuri namna gani halitasaidia.

Kila mpango wa bima ya afya ya binafsi au ya mwajiri unapaswa kukupa muhtasari wa mafao, unaojulikana kwa herufi tatu, SBC. Nenda kurasa za mwisho. Kuna visanduku viwili: kimoja cha huduma ambazo mpango haulipii, kingine cha huduma nyingine ambazo unalipia. Upasuaji wa kupunguza uzito huandikwa katika kimojawapo. Ukiukuta kwenye kisanduku cha kwanza, zungumza na ofisi ya rasilimali watu kazini kwako kabla ya kipindi cha kuchagua bima cha mwaka ujao, maana huenda mwajiri ana mpango mwingine unaolipia.

Mwenye Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, afuate masharti ya jimbo lake, kwa sababu kila jimbo lina yake. Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee na baadhi ya walemavu, inalipia kwa mtu mwenye BMI ya 35 na zaidi, mwenye angalau ugonjwa mmoja unaohusiana na uzito, na ambaye amewahi kutibiwa unene kwa njia nyingine bila mafanikio. Haikutaja idadi ya miezi, lakini maneno "bila mafanikio" nayo yanahitaji kuonekana kwenye karatasi.

Kisha piga simu namba iliyo nyuma ya kadi yako. Kama Kiingereza chako hakitoshi kwa mambo ya mikataba, taja neno moja tu, "Swahili", na usubiri. Mkalimani ni bure. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu nazo zinatakiwa kukupa mkalimani bila malipo, na si sawa mtoto wako wa darasa la saba kugeuzwa mkalimani wa mambo haya. Ukiwa unatoka Bukavu na umepewa mkalimani wa Unguja mkashindwana, omba mwingine. Hakuna atakayekasirika, na mimi mwenyewe nimewahi kubadilishwa.

Uliza haya, moja baada ya jingine, na uandike majibu, tarehe, jina la aliyejibu na namba ya kumbukumbu ya simu:

1. Je, mpango wangu unalipia upasuaji huu? Namba za huduma ni 43775 kwa kukata sehemu ya tumbo na kuliacha kama mkono wa shati, na 43644 kwa kulifanya tumbo dogo na kuliunganisha moja kwa moja na utumbo.
2. Je, mnadai lishe ya kusimamiwa? Miezi mingapi, na je, lazima ifuatane?
3. Nani anaruhusiwa kuisimamia: daktari wangu wa kawaida, mtaalamu wa lishe, au kliniki ya upasuaji pekee?
4. Ziara za video zinahesabika?
5. Mnatumia BMI ya siku ya kuanza au ya siku ya kutuma maombi? Nikiongezeka uzito itakuwaje?
6. Miezi hiyo iwe imefanyika ndani ya muda gani kabla ya upasuaji?

Baada ya hapo omba wakutumie sera yenyewe kwa maandishi. Majibu ya simu yanasaidia, lakini ukifika kwenye mzozo, karatasi ndiyo inayosikilizwa. Peleka nakala kwa mratibu wa bima wa kliniki ya upasuaji. Hawa wanazijua kampuni moja moja na tabia zake, na mara nyingi wanajua mambo ambayo aliyepokea simu hakuyajua.

Ziara ya kwanza, na suala la viatu

Ziara ya kwanza ndiyo inayoanzisha saa. Mwambie anayekupangia miadi kwamba unakuja kuanza lishe ya kusimamiwa kwa ajili ya upasuaji. Ukienda kwa ajili ya kikohozi na kugusia uzito ukiwa unatoka mlangoni, ziara hiyo haitahesabika.

Siku hiyo vua viatu, na uhakikishe unapimwa urefu kwa kipimo cha ukutani badala ya kuulizwa tu. BMI ni kilo zako ukigawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye kilo 107 na urefu wa mita 1.63 ana BMI ya 40.3. Mwache avae viatu vya kisigino kidogo, aandikwe mita 1.65, na BMI inashuka hadi 39.3. Kama hana kisukari wala presha na bima yake inadai 40, sentimita mbili za kiatu zimemwondoa kwenye orodha. Na urefu ukishaandikwa kwenye kompyuta, ziara zinazofuata hunakili uleule.

Siku hiyohiyo eleza historia yako yote ya kujaribu kupungua: mlo wa aina fulani mwaka fulani, vidonge, sindano, programu za kulipia, gimu. Ukiwa na risiti, peleka. Taja pia magonjwa yote, hata yale ambayo umeyazoea: magoti, kiungulia, kukatika pumzi usingizini, hedhi isiyoeleweka, sukari inayopanda. Sisi tuna tabia ya kujibu "mzima tu, namshukuru Mungu" daktari akiuliza hali. Shukuru, kisha mweleze magoti.

Uliza pia gharama. Kikosi kazi cha Marekani cha huduma za kinga kinapendekeza ushauri wa kina wa lishe na tabia kwa watu wazima wenye BMI ya 30 na zaidi, na pendekezo hilo lina daraja ambalo bima nyingi zinawajibika kuligharimia bila kukutoza. Mtu wa malipo akikudai, muulize kama ziara ingeweza kuandikwa kama huduma ya kinga.

Kila mwezi: nini kiandikwe

Hapa ndipo mambo yanapoharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hii ni mfano wa taarifa ya daktari inayokataliwa:

"Amekuja kwa ajili ya presha. Uzito kilo 106. Ameshauriwa kula vizuri na kufanya mazoezi. Arudi baada ya mwezi."

Mgonjwa alikaa na daktari dakika ishirini, wakaongea chakula chote kuanzia chai ya asubuhi. Lakini msomaji wa bima anaona ziara ya presha. Sasa tazama hii, ya mgonjwa huyohuyo:

"Ziara ya 2 ya lishe ya kusimamiwa kabla ya upasuaji. Urefu mita 1.63, uzito kilo 106, BMI 39.9, mwezi uliopita 107. Anafuata mlo wa kalori 1,500. Ameleta daftari la chakula. Amepunguza sukari kwenye chai kutoka vijiko vitatu hadi kimoja. Bado anakula saa sita usiku akitoka zamu. Anatembea dakika 30 siku nne kwa wiki, magoti yanamsumbua. Lengo la mwezi ujao: protini kila mlo, aache kunywa wakati wa kula, abebe chakula cha zamu kutoka nyumbani. Dawa hazijabadilika."

Chini yake saini na tarehe. Ndani ya maneno hayo yamo mambo ambayo sera nyingi hutafuta: uzito na BMI, mlo unaofuatwa, mazoezi, mabadiliko ya tabia, na jinsi mgonjwa anavyoendelea. Tarehe ni ya mwezi huo, na sababu ya ziara imetajwa.

Huwezi kumwandikia daktari, lakini unaweza kumrahisishia. Andaa karatasi moja kabla ya kila ziara yenye vichwa hivyo: nilichokula, nilivyotembea, kilichonishinda, lengo la mwezi ujao. Mkabidhi muuguzi anapokupima. Madaktari wengi hawana habari kwamba bima inataka maneno fulani. Wakipewa karatasi ya sera na karatasi yako, wanaandika wenyewe vizuri. Kliniki nyingi za upasuaji zina fomu yao ya kila mwezi, na kama yenu inayo, tumia hiyo.

Ukitoka, fungua akaunti yako ya mgonjwa kwenye simu ndani ya siku chache na usome taarifa. Kama uzito haukuandikwa, au sababu ya ziara imeandikwa "presha" peke yake, tuma ujumbe siku hizohizo uombe ofisi iongeze kilichosahaulika. Daktari anaweza kuongeza maelezo ya kweli kwenye ziara ya wiki iliyopita, ila akiombwa kuongeza ya miezi mitano nyuma, hakumbuki, na hatakiwi kubuni.

Sasa kalenda. "Miezi inayofuatana" kwa wengi inamaanisha miezi ya kalenda. Ukienda tarehe 30 Januari na ziara inayofuata ikawa tarehe 2 Machi, wewe unaona umepita mwezi mmoja tu, bima inaona Februari haina kitu. Kampuni nyingine hapo hukurudisha kwenye mwezi wa kwanza. Panga miadi yote sita siku ya kwanza, katikati ya mwezi ikiwezekana, ili theluji au gari likigoma ubaki na wiki mbili za kupanga upya ndani ya mwezi uleule.

Wanaokwenda nyumbani Desemba wawe waangalifu. Nenda kwa daktari wiki ya kwanza ya Desemba, safiri, na uwe umerudi kwa ziara ya Januari. Usitegemee simu ya video ukiwa Mombasa au Goma. Leseni ya daktari wako ni ya jimbo lake, na ofisi nyingi hazikubali kumhudumia mgonjwa aliye nje ya nchi.

Na ukibadilisha kazi, bima inabadilika na masharti yake. Rudia zile simu za mwanzo kabla hujasaini kazi mpya. Miezi uliyokwisha kufanya inaweza kukubaliwa na kampuni mpya kama taarifa zimeandikwa vizuri, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzilinda.

Chakula chetu kwenye daftari lao

Mtaalamu wa lishe atakupa karatasi yenye shayiri, brokoli na kuku wa kuokwa. Wengi huipokea, wanaitikia kwa kichwa, na kuiacha kwenye gari. Ni afadhali umwambie ukweli: kwetu jioni ni ugali au wali, Jumapili ni chapati na pilau, na chai ni mara nne kwa siku. Mwonyeshe picha kwenye simu. Mtaalamu asiyejua ugali akiujua, anaweza kukupangia mlo wa kuishi nao, na taarifa yake itakuwa na maelezo halisi badala ya "ameshauriwa kula vizuri".

Pima ukiwa bado mkavu. Ugali ukishaiva una maji, na tonge halina kipimo. Lakini gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, popote utakapopikwa. Ukichota gramu 50 za unga kwa ajili yako, umekula kalori 180 za ugali, na unaweza kuandika hivyo bila kubahatisha. Mzani mdogo wa jikoni unatosha. Chapati iliyotumia gramu 50 za unga na kijiko kikubwa cha mafuta ina kalori karibu 300, na 120 kati ya hizo ni mafuta peke yake. Hapo ndipo siri ya jikoni kwetu ilipo: si ugali unaotunenepesha peke yake, ni mafuta yanayomiminwa kutoka kwenye dumu bila kijiko, na tui zito. Mchicha uliokaangwa kwa vijiko vitatu vikubwa vya mafuta umebeba kalori 360 kabla hujahesabu mchicha.

Chai nayo. Kijiko kidogo cha sukari kina kalori 16. Vijiko vitatu kwa vikombe vinne ni karibu 190 kila siku, bila maziwa, bila andazi la kusindikiza. Ni rahisi kuanzia hapo kuliko kuanzia kwenye ugali, na daktari ana kitu cha kuandika mwezi wa pili.

Kwa mtu aliyepewa kiwango cha kalori 1,200 hadi 1,500, siku ya kawaida inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai mawili na mchicha uliokaangwa kwa kijiko kidogo cha mafuta, chai ya maziwa yasiyo na mafuta mengi, bila sukari. Mchana kikombe cha maharage yaliyochemshwa, sukuma wiki au kabichi, na ugali wa gramu 50 za unga. Saa kumi mtindi mzito usio na sukari. Usiku samaki wa kuchoma au kifua cha kuku, kipande cha gramu 120, na mboga nyingi. Mayai yanakupa gramu 12 za protini, maharage kama 15, mtindi kama 15, kuku zaidi ya 30. Umepita gramu 70, na hujakosa ugali wako. Dagaa, choroko, kunde na mbaazi zote zina nafasi hapa. Tatizo la samaki wa nazi ni nazi, wala si samaki.

Kwa nini protini inasisitizwa? Kwa sababu baada ya upasuaji utahitaji gramu 60 hadi 80 kwa siku katika tumbo linalojaa kwa vijiko vichache, na usipozoea kuanza na nyama au maharage kabla ya wanga, hutaifikia. Zoea pia sasa kutafuna taratibu, kutokunywa maji pamoja na chakula na kusubiri kama nusu saa baada yake, na kuacha soda. Haya yaandikwe kwenye malengo ya kila mwezi.

Kula kwenye sinia ni tatizo la pekee. Unapokula na wenzako sinia moja hujui umekula kiasi gani, na mwenye ukarimu anakusukumia nyama upande wako. Jipakulie kwenye sahani yako ndogo kabla sinia halijatengwa. Kwenye harusi au matanga, "daktari amenikataza" hukubalika kwetu kuliko "ninapunguza mwili", ambayo huanzisha mjadala na kuitwa mlegevu. Huna haja ya kumwambia kila mtu kuhusu upasuaji.

Daftari lenyewe liandikwe kwa lugha yoyote, mradi kiasi kieleweke. Ukiandika kwa Kiswahili, mwombe mkalimani alisome kwa daktari wakati wa ziara ili maudhui yaingie kwenye taarifa.

Ramadhani ikiangukia katikati

Ramadhani huja mapema zaidi kwa takriban siku 11 kila mwaka, na mtu anayefanya miezi sita anaweza kukutana nayo. Haikuzuii. Mwambie daktari mapema, hasa kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari sana, maana dozi na saa zake lazima zipangwe upya na yeye. Ziara ya mwezi isirukwe. Daftari liandike futari, chakula cha usiku na daku badala ya milo mitatu.

Futari ya pwani ni mtihani: kaimati, tambi za sukari, viazi vya nazi, mihogo, uji, sambusa, vyote mezani kwa wakati mmoja. Fungua kwa tende moja na maji, kaswali, kisha kaa kwenye protini na mboga. Kaimati mbili ukizitaka zihesabu, ziandike.

Uzito ukipanda, uzito ukishuka

Wengi huogopa kupungua wakidhani watakosa sifa. Chukua mtu mwenye kilo na urefu kama wa yule mama wa kilo 107, asiye na presha: mwezi wa pili, akifika kilo 106, ana BMI ya 39.9. Kama bima yake inahesabu BMI ya siku aliyoanza programu, hana wasiwasi. Kama inahesabu ya siku ya maombi, na kigezo chake ni 40 bila ugonjwa mwingine, ana sababu ya kufuatilia kwa haraka kama ana ugonjwa ambao haujapimwa, kwa mfano kukatika pumzi usingizini. Ndiyo maana swali la tano lile la simu ni muhimu. Usijinenepeshe kwa makusudi ili ubaki juu ya mstari. Kampuni nyingine zinakataa aliyeongezeka uzito ndani ya programu, na zipo zinazodai upungue asilimia fulani. Ukiongezeka mwezi mmoja, daktari aandike sababu, kama dawa mpya au mguu ulioteguka, na mpango wa kurekebisha.

Mengine ya kumaliza ndani ya miezi hiyohiyo

Usiyasubirishe hadi mwisho, kwa sababu kila moja lina foleni yake. Mahojiano na mwanasaikolojia: anaangalia kama unaelewa unachokwenda kufanyiwa na kama una msaada nyumbani. Waliopitia vita na kambi huulizwa mambo yanayouma. Kusema ukweli hakukufungii mlango. Kipimo cha usingizi kama unakoroma. Kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao ni wengi kwetu Afrika Mashariki, na kupimwa tumbo kwa kamera kama daktari ataona inafaa. Sigara iachwe, na kumbuka damu au mkojo hupimwa nikotini, kwa hiyo ugoro, shisha na sigara za umeme zote zitaonekana. Wanawake wazungumze mapema kuhusu uzazi wa mpango, kwani hushauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji kabla ya kushika mimba. Na wazoefu wa diklofenaki na brufeni kwa ajili ya magoti waulize mbadala, hasa wanaofanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo, kwa kuwa dawa hizo huleta vidonda.

Kutuma maombi, na ukikataliwa

Wiki mbili kabla ya ziara ya mwisho, omba nakala za taarifa zako zote. Ni haki yako kisheria, na ofisi ina hadi siku 30 kukupa, ingawa nyingi ziko tayari kwenye akaunti ya simu. Zipange kwa tarehe mezani. Kila mwezi una taarifa? Kila taarifa ina uzito, mlo, mazoezi, saini? Mpe mratibu wa kliniki seti hiyo hata kama anasema ameshaomba mwenyewe, maana faksi hupotea. Yeye ndiye anayetuma maombi ya idhini ya awali.

Ikija barua ya kukataa, isome sababu kabla ya kulia. Mara nyingi ni karatasi iliyokosekana, na kliniki inaituma upya. Kama ni suala la kitabibu, daktari wako wa upasuaji anaweza kuomba kuzungumza kwa simu na daktari wa bima, na simu hiyo ya dakika kumi imefungua maombi mengi. Isipofaulu, una siku 180 tangu upokee barua kukata rufaa ndani ya kampuni, nayo inatakiwa kukujibu ndani ya siku 30 kwa huduma ambayo bado hujapata. Ukishindwa tena, una miezi minne kuomba mapitio ya nje, yanayofanywa na watu wasio wa kampuni. Kwa kawaida hujibu ndani ya siku 45, na uamuzi wao unaifunga kampuni. Mapitio hayo ni kwa mabishano ya kitabibu. Kama mkataba wenyewe umeuondoa upasuaji, hayatabadili mkataba.

Idhini ikipatikana

Barua ya idhini ina tarehe ya kuisha. Hakikisha tarehe ya upasuaji iko ndani yake.

Wiki mbili za mwisho kabla ya upasuaji, kwa wengi, huwa za mlo wa maji na protini, mara nyingi kalori 800 hadi 1,000 kwa siku. Huu haudaiwi na bima. Ni wa daktari. Ini lenye mafuta hulala juu ya tumbo na kuziba njia ya vifaa vyake, na wiki mbili za kalori chache hulifanya linywee. Wenye kisukari wasiuanze bila kupunguziwa dawa na daktari, sukari inaweza kushuka vibaya. Anayetumia sindano za kupunguza uzito amwambie mtu wa nusu kaputi, kwa sababu tumbo huchelewa kumwaga chakula.

Kuhusu bili, uliza kama hospitali na daktari wa upasuaji wote wamo kwenye mtandao wa bima yako. Tangu Januari 1, 2022 sheria inawazuia wa nusu kaputi na wa maabara walio nje ya mtandao kukutumia bili ya ziada pale hospitali yenyewe imo ndani. Na kama umeshamaliza kiwango chako cha kulipa mwenyewe mwaka huu, mwombe mratibu akutafutie nafasi kabla ya bima yako kuanza mwaka mpya, kwa wengi Januari mosi, kwa kuwa siku hiyo hesabu inaanza upya kutoka sifuri.